Kwa Nini Naandika Juu ya Willy Gamba

Wapo wasomaji wangu ambao hunifuata kwa ajili ya Katiba, tume ya uchaguzi na bajeti ya Serikali, nao hukunja uso kila ninapowaletea riwaya ya upelelezi ya mwaka 1974 au filamu iliyopigwa katika vichochoro vya Kampala. Mmoja wao, mtumishi wa umma mwenye cheo kizuri, aliniandikia hivi karibuni kwa lugha ya heshima kwamba mhadhiri wa siasa ana mambo ya maana zaidi ya kufanya kuliko kumaliza mwisho wa juma lake akihesabu mara ambazo Willy Gamba amebadilisha suti. Swali lake ni halali. Kwa kuwa nimekuwa nikiandika makala za namna hiyo kwa miaka kumi na mitatu sasa, katika majarida madogo ambayo mengi yamekwisha kufa, naona ni haki nimjibu kwa kirefu na hadharani.

Nianze na neno lenyewe. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanalo jina la filamu, vitabu na muziki unaopendwa na watu wachache kwa mapenzi makali, na jina hilo wameliazima kutoka katika dini: ni la madhehebu madogo yenye wafuasi wasioyumba. Sisi katika taaluma ya fasihi tuna jozi ya maneno tuliyoizoea mno hata hatuisikii tena, yaani riwaya dhati na riwaya pendwa. Shaaban Robert na Kezilahabi wamewekwa katika rafu ya kwanza. Elvis Musiba, Ben Mtobwa, Hammie Rajab na Eddie Ganzel katika ya pili. Ni ajabu kidogo kwamba tumechukua neno la mapenzi tukaligeuza kuwa neno la kushusha hadhi. Mwanafunzi anayeniambia kwamba kitabu fulani ni “pendwa tu” huwa namwomba alitamke tena neno hilo polepole.

Hata hivyo, pendwa si sawa na hicho wanachokitaja wenzetu. Pendwa ni cha wengi. Kinachonivutia mimi ni safari ambayo kazi zetu husafiri kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache. Kufa na Kupona ilipotoka ilikuwa mali ya kila mtu: kondakta, karani, askari, mwanafunzi wa sekondari. Leo nakala zake za zamani ziko mikononi mwa watu wanaojuana, na kuzipata hadi uandikishane na mwenye kitabu, siku ya kukichukua na siku ya kukirudisha. Safari hiyo haikutokana na wasomaji kuchoka. Ilitokana na matoleo kukoma, maduka ya vitabu kugeuka maduka ya vifaa vya shule, na maktaba kuamua kwamba vitabu vya aina hiyo vikichakaa havina haja ya kununuliwa vingine. Hayo yote ni maamuzi, na maamuzi ya umma ndiyo kazi yangu.

Kazi ya kusoma vitu vya mtaani kwa jicho la siasa haikuanza na mimi wala na kizazi changu. Mwaka 1961 Rajat Neogi, kijana wa Kampala, alianzisha jarida la Transition. Wengi hulikumbuka kwa makala ya Ali Mazrui juu ya Nkrumah ya mwaka 1966, ambayo hadi leo inaweza kuvunja urafiki mezani. Mimi hulikumbuka zaidi kwa makala iliyofuata mwaka mmoja baadaye, ambamo Paul Theroux, aliyekuwa akifundisha Makerere, alimsoma Tarzan wa vitabu vya katuni kama picha halisi ya wageni wa kizungu waliokuwa wakiishi Afrika Mashariki baada ya uhuru: mtu aliyekuja kutoka mbali, asiye na mizizi, lakini anayejikuta mfalme wa mahali kwa sababu tu ya rangi yake. Makala ile iliwakera wengi kuliko hotuba yoyote ya kisiasa ya wakati ule, na nadhani sababu ni kwamba hotuba unaweza kuikataa, lakini katuni uliyoisoma ukiwa mtoto imekwisha kuingia ndani.

Transition haikuwa na malaika waliolifadhili. Mwaka 1967 ilijulikana kwamba fedha za shirika lililokuwa likilisaidia zilitoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, na mwaka uliofuata Neogi alikamatwa na Serikali ya Obote pamoja na Abu Mayanja, mbunge ambaye barua yake jarida lilikuwa limeichapa. Nayataja haya kwa sababu vijana hudhani neno “huru” katika “jarida huru” ni maelezo ya hali. Mara nyingi ni maelezo ya tamaa. Baadaye lilikuja Chimurenga la Cape Town mwaka 2002, likaweka muziki mbele tangu toleo lake la kwanza, kisha Kwani? la Nairobi mwaka 2003, ambapo Binyavanga Wainaina na wenzake waliifungulia mlango Sheng na maneno ya vijana wa hip hop bila kuwataka kwanza wavae tai. Kwa upande wa Kiswahili hatukupata kitu cha ukubwa huo. Tulipata vijarida vya kurasa arobaini, vya kurudufu, vyenye picha zilizofifia, vilivyotoka mara tatu na kunyamaza. Humo ndimo nilimojifunza kuandika.

Sasa nirudi kwa Gamba, maana ndiye aliyetuhumiwa.

Kufa na Kupona ilichapishwa mwaka 1974 na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Ndani yake nyaraka za siri zinazohusu ukombozi wa kusini mwa Afrika zinaibwa Dar es Salaam, na mpelelezi wa Tanzania anatumwa Nairobi kuzifuata. Msomaji wa leo huona hapo James Bond aliyepakwa rangi, na kweli suti, magari, vinywaji na wanawake wanaofungua milango kirahisi vyote vimeazimwa. Lakini tazama kilichoibwa. Makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwa wakipita katika mitaa ile ile ambayo msomaji wa Musiba alipita akienda kazini. Sera ya nje ya Tanzania, ambayo Wizara iliieleza kwa matamko mazito, Musiba aliieleza kwa mbio za magari. Mwaka huo huo wa 1974, mwezi Aprili, utawala wa kidikteta wa Ureno ulipinduliwa Lisbon. Kijana aliyesoma riwaya ile na kusikiliza redio jioni alikuwa na mahali pa kuziweka habari alizozisikia.

Miaka mitano baadaye, katika Kikosi cha Kisasi, Gamba yuko Kinshasa, na adui ni majasusi wa utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini. Mwandishi anachora Afrika ambayo mipaka yake ni jambo la pili: Mtanzania, Mzaire na mpigania uhuru wa kusini wana kesi moja. Nimesoma hotuba nyingi za umoja wa Afrika kwa sababu mshahara wangu unanitaka nizisome, na sioni aibu kusema kwamba ni chache zinazomfanya msomaji auone umoja huo kama kitu chenye miguu na jasho. Mstaafu mmoja wa idara ya Serikali, baada ya kusoma makala yangu juu ya kitabu hicho, aliniandikia kwamba alipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970 hakuna aliyempa semina juu ya Kamati ya Ukombozi. Alijua ni nini, na kwa nini wageni wale walipewa nyumba wakati watumishi wakipanga vyumba, kwa sababu alikuwa amemsoma Gamba.

Hilo halimpi Gamba hati safi. Wanawake wa riwaya zile ama ni mitego ama ni zawadi, na hakuna anayezeeka. Mtobwa naye, ambaye kwa maoni yangu ni fundi wa sentensi kuliko Musiba, katika Dar es Salaam Usiku anamtazama mwanamke wa mjini kwa huruma inayochanganyika na uchu hadi huwezi kuvitenganisha. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike aliandika tahakiki kali juu ya jambo hili. Wahariri wawili wakaikataa kwa hoja kwamba anawavunjia heshima marehemu. Mimi naona heshima kubwa kuliko zote kwa mwandishi ni kusomwa kama mtu mzima. Tahakiki ile hatimaye ilitoka katika kijarida cha wanafunzi, na ndiyo makala bora zaidi kuhusu Mtobwa niliyowahi kuisoma, iwe ya mhadhiri au ya mwanafunzi.

Ningeweza kukaa hapo hapo nikaongeza Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia na sigara nene wa hadithi za picha za African Film, zilizosambazwa Afrika Mashariki na Magharibi na kampuni ya Drum. Au Film Tanzania ya Faraji Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliyeuchukua mtindo ule ule wa picha na maneno akauvalisha Kiswahili. Lakini ningekuwa nawapa wasomaji orodha ya marehemu, na vitu vingine viko hai.

Wakaliga ni mtaa wa hali ya chini katika jiji la Kampala. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali kabla ya kushika kamera, alitoa huko filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? Gharama inayotajwa mara nyingi ni chini ya dola 200. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu na mbao, helikopta zilichorwa kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na waigizaji walikuwa majirani. Kionjo chake kilipofika kwenye intaneti kilitazamwa na mamilioni, na leo jina la Wakaliwood linatajwa katika matamasha. Mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, Crazy World, ilionyeshwa Toronto katika safu ya filamu za usiku wa manane.

Nimeandika mara mbili juu ya filamu hii, na mara zote nimejikuta napigana na kicheko. Waandishi wengi wa ughaibuni huipenda kwa namna ambayo mtu hupenda mchoro wa mtoto: ni mbaya kiasi cha kupendeza. Mapenzi hayo hayana ubaya wa makusudi, lakini yanakosea anayecheka ni nani. Watu wa Wakaliga walikuwa wamekwisha kucheka kabla. Ndani ya filamu kuna sauti ya VJ Emmie, msimuliaji anayezungumza juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, akitania, akisifu, akimkebehi mwigizaji, akiwatangaza mashujaa wa mtaani kwa majina makubwa. Sauti ile ni sehemu ya sanaa yenyewe. Inatoka katika vibanda vya video vya Kampala ambako filamu za kigeni hazikuonyeshwa zikiwa peke yake. Alikuwepo mtu wa kuzifasiri, kuzinogesha na kuzigombeza. Mtazamaji wa Toronto anadhani amegundua mzaha, kumbe ameingia katika mzaha uliokuwa ukiendelea kwa miaka mingi bila yeye.

Kuna jambo moja la filamu hii ambalo huwasimulia wanafunzi kila mwaka. Toleo lake la awali, lisilo na sauti ya msimuliaji, limepotea. Nabwana aliifuta kazi hiyo kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata, na kilichobaki kilitokana na nakala ya DVD. Darasa huwa linacheka, kisha linanyamaza. Hakuzembea mtu yeyote hapo. Hivyo ndivyo kumbukumbu ya jamii inavyofutika pale ambapo diski ni ghali na hakuna taasisi inayodhani kwamba kazi ile inastahili kuhifadhiwa.

Sisi Watanzania tunawajua wasimuliaji wale kwa jina jingine. Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na yake, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu wetu walijifunza kutazama picha katika kibandaumiza, juu ya mabenchi, kwa kiingilio kidogo, joto likiwa kali na mlango umefungwa ili wasiolipa wasichungulie. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, alizitia filamu za Kichina, Kihindi na Kimarekani sauti ya Kiswahili iliyokuwa na maisha yake yenyewe. Alieleza, aliongeza methali, alihamisha vijiji vya Asia hadi vikafanana na vya kwetu. Ukitaka kujua namna Mtanzania wa kawaida alivyouelewa ulimwengu mwanzoni mwa karne hii, kanda za Lufufu ni hati muhimu kama gazeti lolote la Serikali.

Na ni nani aliyeziandikia? Matthias Krings, profesa wa Mainz, Ujerumani, ambaye kichwa cha moja ya makala zake kinazungumzia wali unaogeuzwa kuwa pilau. Ni kazi nzuri, nami huwasomesha wanafunzi wangu. Wenzake Claudia Böhme na Uta Reuster-Jahn wamechunguza kwa makini filamu zetu za kutisha kama Shumileta ya Mussa Banzi, na riwaya zetu pendwa. Sina ugomvi nao. Walikuja, wakaketi kwenye mabenchi, wakajifunza lugha. Ugomvi wangu ni wa nyumbani. Mtoto wa mwenye kibanda akitaka kusoma historia ya kibanda cha baba yake, ataisoma kwa Kiingereza, katika jarida ambalo maktaba ya chuo chake hailipii.

Hapa ndipo majarida madogo yanapokuwa suala la siasa na fedha. Jarida la namna hii halilipi. Mhariri hulipa mchapaji kutoka mfukoni mwake, halafu anakuomba uandike kabla ya Ijumaa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilipotaka leseni ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, watu waliokuwa wakichapa tahakiki za muziki kwa mapenzi tu walipiga hesabu wakazima taa. Wizara haikuwa na nia ya kuua uhakiki wa muziki, hilo naliamini. Lakini ada moja inayotozwa mwenye kituo cha habari na kijana anayeandika juu ya Marijani Rajabu kutoka chumba cha kupanga huamua nani ataandika, hata kama hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

Chuo nacho kina hesabu zake. Nilipowasilisha maombi ya kupandishwa cheo mahali nilipokuwa nikifundisha awali, niliambatanisha makala kumi na moja za majarida huru. Kamati ilizirudisha bila alama hata moja. Mjumbe mmoja aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba burudani si utafiti. Nilipandishwa cheo miaka minne baadaye kwa makala mbili kuhusu serikali za mitaa, ambazo nina hakika zimesomwa na watu wasiozidi tisa, nikimhesabu mke wangu. Vijana wanaofundisha chini yangu wanaliona jambo hilo na wanafanya hesabu. Siwalaumu wanapochagua serikali za mitaa.

Kwa mtumishi wa umma aliyeniandikia nina mfano mmoja wa karibu na kazi yake. Remmy Ongala alipotunga wimbo juu ya kondomu, wakati UKIMWI ulikuwa ukizika watu kila juma, redio ya taifa ilikataa kuurusha, nayo ndiyo ilikuwa redio pekee. Watu waliupata kwa kanda na kwenye kumbi. Kwa maneno mengine, ujumbe wa afya ya jamii ulioeleweka kuliko mabango yote ulipita nje ya vyombo vya dola, kwa sababu afisa fulani aliona lugha yake haifai. Ofisi zetu zimejaa mafaili juu ya mabango. Juu ya uamuzi ule wa redio nimekuta mengi zaidi katika mahojiano ya vijarida vya muziki. Afisa anayetunga sera ya mawasiliano leo, na asiyeijua habari hiyo, ana pengo ambalo semina haitaliziba.

Lakini nisiwapake wenzangu mafuta. Uandishi wetu huu una ugonjwa, nao ni zilipendwa. Kila bendi ya zamani ilikuwa bora, kila mwimbaji wa leo ni mpiga kelele, na makala huishia kwenye kilio. Nikiwa mhariri mgeni wa toleo moja nilikataa makala tano mfululizo juu ya Mbaraka Mwinshehe, ambazo zote zilieleza ajali iliyomuua mwaka 1979, wala hakuna hata moja iliyoeleza gitaa lake lilifanya nini. Nataka mwandishi anieleze kwa nini gitaa la pili linaingia pale linapoingia, nani alilipiga, santuri ilirekodiwa Nairobi kwa sababu gani na nani alilipwa. Machozi nitayatoa mwenyewe nikiona inafaa.

Mwezi ujao kijarida kimoja kitatoa toleo zima kuhusu vibandaumiza. Makala ninayoingojea zaidi ni ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye mjomba wake alikuwa na kibanda na aliweka daftari. Humo kuna jina la kila filamu aliyoonyesha kwa miaka sita, kiingilio, idadi ya watu, na alama ndogo ya msalaba kwa siku ambazo mgambo walikuja kudai ushuru. Kijana huyo aliniuliza kama daftari la mjomba linaweza kuitwa chanzo. Nilimwambia alipige picha ukurasa baada ya ukurasa, leo hii, kabla ya mvua, na nakala moja aniletee mimi.